Kumfadhili na Kumlea Mtafiti Chipukizi wa Bangi na Ubongo wa Vijana: Mwongozo Kamili

Mtu anayejitambulisha katika mkutano wa wazazi kwamba anachunguza bangi na ubongo wa vijana huulizwa swali lile lile kabla hajakaa chini: je, bangi inaharibu ubongo au haiharibu? Mzazi anataka jibu, mwalimu wa nidhamu anataka jibu, polisi anataka jibu, na mfadhili, ingawa huuliza kwa upole zaidi, naye anataka jibu. Mtafiti chipukizi, aliyemaliza shahada ya uzamivu juzi na ambaye mkataba wake ni wa miaka 2, ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote ya kusema kwamba jibu bado linatafutwa. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpa nguvu hiyo kwa fedha, muda, watu wa kumwongoza na taratibu za kumlinda. Nimeuandika kwanza kwa wahadhiri na wakuu wa idara wa Tanzania na Kenya wanaolea watafiti, ambao hapa nitawaita walezi. Hata hivyo, chipukizi mwenyewe anaweza kuusoma, na Mswahili aliyeko Marekani atakuta mambo yanayomhusu, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za eneo hili hutoka huko.

Hatua ya kwanza: Hakikisha anaelewa kwa nini swali ni gumu

Hofu ya wazazi ina msingi wa kibiolojia. Ubongo wa binadamu huendelea kujengeka hadi katikati ya miaka ya 20, na miongoni mwa sehemu zinazochelewa zaidi kukomaa ni gamba la mbele, ambalo hutuwezesha kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda. Katika kipindi hicho ubongo huondoa miunganiko ya seli za neva isiyotumika na kuiimarisha inayotumika, na kazi hiyo husimamiwa kwa sehemu na kemikali ambazo mwili wenyewe huzitengeneza, mojawapo ikiwa anandamidi iliyotambuliwa mwaka 1992. Kemikali hizo hufanya kazi kupitia vipokezi vinavyoitwa CB1, na THC, kemikali ya bangi inayolevya, hushika vipokezi hivyo hivyo. Kijana wa miaka 15 anayevuta kila siku anamwingiza mgeni katika nyumba ambayo mafundi bado wamo kazini.

Hata hivyo, mantiki ya kibiolojia haitoshi kuwa ushahidi. Huko Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utotoni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba walioanza bangi katika ujana wakaendelea nayo kwa miaka mingi walikuwa wamepungukiwa na wastani wa pointi 8 hivi za kipimo cha akili walipofika miaka 38. Mwaka 2016 ukachapishwa uchambuzi wa mapacha zaidi ya 3,000 wa Marekani. Waliotumia bangi walishuka kweli, lakini pacha aliyetumia hakushuka zaidi ya pacha mwenzake ambaye hakutumia, jambo linaloashiria kwamba sababu inaweza kuwa familia na mazingira waliyokulia wote wawili. Kisha mwaka 2018 yakatoka mapitio ya tafiti 69 za vijana, ambayo yalikuta upungufu mdogo wa utambuzi kwa watumiaji, na upungufu huo ukakaribia kutoweka katika tafiti zilizowataka washiriki wakae zaidi ya saa 72 bila kuvuta kabla ya kupimwa.

Kwetu swali lina tabaka nyingine. Msokoto mara nyingi huchanganywa na tumbaku. Kijana anayevuta huenda pia anakunywa gongo au anatafuna mirungi, na huenda aliacha shule miaka 2 kabla ya kuigusa bangi. Malaria nayo imo: utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa utambuzi miaka 2 baadaye. Mtafiti asiyeuliza kuhusu homa kali za utotoni anaweza kuibebesha bangi mzigo ulioletwa na mbu.

Zoezi ninalolitumia kwa kila chipukizi ni hili. Mpe makala ya Dunedin na ile ya mapacha, umwombe aandike ukurasa mmoja akieleza inawezekanaje zote mbili ziwe kweli. Usimpe zaidi ya wiki moja. Anayerudi akishabikia upande mmoja bado hajawa tayari kuomba fedha, na anayerudi na mchoro wa mambo yanayoweza kutangulia bangi na upungufu wa akili kwa pamoja, huyo mkaribishe mezani.

Hatua ya pili: Lipunguze swali mpaka libebeke

Andiko la kuomba fedha la kwanza nililowahi kulihakiki kama mlezi lilikuwa na maswali tisa. Lilitaka kujua kiwango cha matumizi, sababu zake, athari kwa ubongo, athari kwa masomo, mitazamo ya wazazi, na mengine manne. Lilikataliwa, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliogopa kumkatisha tamaa kijana mwenye bidii. Tangu hapo nadai swali moja kuu na lisilozidi moja la nyongeza, na swali hilo liweze kujibiwa katika muda wa ruzuku.

Swali zuri kwa mazingira yetu kwa kawaida huwa na sura hii: katika kundi la vijana wanaopimwa kabla ya yeyote kujulikana kuwa mtumiaji, ni nini kinachowatofautisha wanaoanza bangi na wasioanza, na tofauti hiyo ilikuwapo kabla au ilijitokeza baada? Ukiandikisha kidato kizima au mtaa mzima, badala ya kuwatafuta wavutaji kijiweni, unapata mambo mawili kwa mpigo. Kisayansi, unapata kipimo cha kabla, ambacho ndicho kinachokosekana katika tafiti nyingi. Kimaadili, hakuna mtoto anayenyooshewa kidole kwa kushiriki, kwa kuwa kushiriki hakumaanishi kwamba anavuta.

Chipukizi asiye na fedha kabisa anaweza kuanza na takwimu zilizokwisha kukusanywa. Utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama ABCD uliandikisha watoto karibu 11,880 wenye umri wa miaka 9 na 10 kati ya mwaka 2016 na 2018, katika vituo 21, na huwapiga picha za ubongo za MRI kila baada ya miaka 2. Watafiti wa nje huomba kuzitumia takwimu hizo kwa makubaliano yanayotiwa saini na taasisi yao, hivyo mtafute mapema afisa wa chuo mwenye mamlaka ya kutia saini. Majedwali yaliyokwisha kuchakatwa hufanyiwa kazi kwenye kompyuta ya kawaida, lakini picha ghafi zinahitaji hifadhi kubwa ambayo vyuo vingi vyetu havina, kwa hiyo mwelekeze aanze na majedwali. Makala moja iliyotoka humo humthibitishia mhakiki kwamba mwombaji anaweza kumaliza alichokianza. Mkumbushe tu kwamba yaliyopatikana kwa watoto wa San Diego yasisemwe kana kwamba yamepatikana Singida.

Hatua ya tatu: Fundisha kupima bangi kama inavyovutwa kweli

Hapa ndipo maandiko mengi ya eneo letu yanapoanguka, na ndipo mlezi aliye karibu anapomzidi mlezi mashuhuri aliye mbali.

Mwaka 2021 NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani inayofadhili tafiti za dawa za kulevya, ilielekeza kwamba tafiti zinazohusika ziripoti matumizi kwa kipimo sanifu cha miligramu 5 za THC. Ni kipimo kizuri kwa nchi ambako bangi huuzwa dukani ikiwa na lebo. Kwetu hakuna lebo, na neno msokoto halina uzito unaojulikana. Katika majaribio ya dodoso letu kwenye mji mmoja wa pwani, kijana wa miaka 17 aliulizwa anavuta kiasi gani kwa siku, akajibu, "Msokoto mmoja, dada." Mtafiti wetu hakuandika 1. Alimpa karatasi ya kusokotea na majani makavu ya chai, akamwomba asokote kama anavyosokota siku zote. Kijana akamimina majani, akayasambaza kwa kidole gumba, kisha akasita na kuuliza, "Wa peke yangu au wa maskani?" Wa maskani ulipowekwa kwenye mizani ndogo ya sonara ulikuwa na uzito wa karibu mara tatu ya ule mwingine, na kwa maelezo yake ulipokezwa kati ya watu wanne. Bila swali lile la kijana, tungepeleka kwa mtakwimu namba 1 isiyo na maana yoyote.

Kutokana na siku ile dodoso letu huuliza mambo manne: uzito wa msokoto kwa mfano wa majani ya chai, idadi ya wanaoupokezana, iwapo umechanganywa na sigara, na iwapo ni bangi ya kawaida au skanka, yaani bangi kali zaidi. Hatutangazi miligramu za THC ambazo hatukuzipima maabara. Tunaripoti tulichokiona na kueleza wazi kwamba nguvu ya bangi yenyewe haijulikani.

Kipimo cha mkojo nacho kieleweke mipaka yake. Kwa anayevuta mara chache, mabaki ya THC huonekana kwa siku chache, na kwa anayevuta sana yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Hivyo majibu chanya hayasemi kijana alivuta lini, na kipimo hicho hakiwezi peke yake kuthibitisha zile saa 72. Panga mahojiano ya siku za karibuni na kipimo cha mkojo vikamilishane, na kamwe usikusanye mkojo ndani ya eneo la shule, ambako kikombe chenye jina kinaweza kumfukuzisha mtoto masomo.

Kuhusu vipimo vya utambuzi, usikubali vitafsiriwe usiku mmoja. Watafiti wa Kilifi wametumia miaka mingi kurekebisha vipimo vya aina hii kwa Kiswahili na Kigiriama, na kazi hiyo inatufundisha kwamba tafsiri sahihi ya neno bado inaweza kupima kitu kingine, kwa mfano uzoefu wa kukaa mbele ya kompyuta badala ya kumbukumbu. Tenga angalau miezi 3 ya majaribio, na miezi hiyo iwemo kwenye bajeti.

Hatua ya nne: Mpe walezi watatu, na mapatano yaandikwe

Mlezi mmoja hatoshi. Anahitajika mjuzi wa ubongo na uraibu, ambaye anaweza kuwa ng'ambo; mjuzi wa takwimu za ufuatiliaji wa muda mrefu, maana uchambuzi wa vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yule yule ndio moyo wa kazi hii; na mlezi wa karibu, anayejua mlango wa kila ofisi na anayeweza kuonana na chipukizi ana kwa ana. Ukilazimika kuchagua, anza na huyu wa tatu. Profesa maarufu mwenye wanafunzi 20 hupendeza kwenye andiko, lakini siku mtoto mmoja anapozirai wakati wa mahojiano, simu haipigwi Baltimore, Marekani.

Mapatano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na kutiwa saini na wote. Yataje mkutano wa kila wiki wa dakika 45 ambao ajenda yake huandikwa na chipukizi, yataje kwamba rasimu atakayoituma itarudishwa na maoni ndani ya siku 10, na yaseme nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa kila makala inayotarajiwa. Hili la mwisho naliwekea mkazo kwa sababu nimeshuhudia mtafiti kijana akikuta jina lake ni la nne kwenye makala iliyotokana na takwimu alizozikusanya kwa miguu yake kwa miezi 14. Hakulalamika, kwa vile aliyemtanguliza mwenzake ndiye aliyepaswa kusaini barua yake ya kuthibitishwa kazini. Leo hafanyi utafiti. Mpangilio wa majina ukijadiliwa kabla ya takwimu kukusanywa huchukua nusu saa, lakini ukiachwa mpaka mwisho huweza kumpoteza mtu.

Mlezi pia aujue uzito wa kazi yenyewe. Mtafiti anayewahoji vijana waliopata saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyopo, na mama zao waliokaa nao kwenye benchi la hospitali, hurudi nyumbani na mambo mazito kifuani, na wengine waliingia katika eneo hili kwa sababu ya kaka au rafiki. Usimlazimishe akusimulie. Katika kila mkutano wa kwanza wa mwezi, muulize kwanza alivyolala na anavyokula, ndipo muende kwenye takwimu.

Hatua ya tano: Panga fedha kwa ngazi

Ngazi ya chini ni fedha ndogo za nyumbani. Tanzania ina mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, maarufu kama MTUSATE, unaosimamiwa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, na vyuo kadhaa vina ruzuku zao za ndani. Fedha hizi hazitanunua mwaka wa MRI, lakini zinatosha kulijaribu dodoso, kuonesha kwamba wazazi wanakubali watoto washiriki, na kupata takwimu za awali ambazo wafadhili wakubwa huzidai. Shirika la kimataifa la wanasayansi wa ubongo, IBRO, nalo hutoa ruzuku ndogo kwa chipukizi wa Afrika, pamoja na mafunzo.

Kwa anayeanza uzamivu, mpango wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 na unaovishirikisha vyuo na taasisi za eneo letu kama Makerere, Moi, Nairobi, Dar es Salaam na Ifakara, una faida moja ambayo fedha tupu hazina: wanafunzi hukutana kwa semina za pamoja katika hatua mbalimbali za masomo, hivyo mtafiti wa bangi hapigani peke yake.

Ngazi ya juu ina milango miwili mikubwa kwa aliyeajiriwa Afrika Mashariki. Wa kwanza ni tuzo ya K43 ya Kituo cha Fogarty cha Marekani, ambayo humlipia mtafiti wa nchi yenye kipato cha chini au cha kati kwa miaka 3 hadi 5 akiwa kwao, akiwa na mlezi wa Marekani na wa nchini mwake. Wa pili ni tuzo ya Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, kwa watafiti chipukizi, ambayo hulipa mshahara na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, kwa muda ambao kwa kawaida hufika miaka 5. Soma tangazo la sasa kila mara, maana milango hubadilika. Mwaka 2025 taasisi za taifa za afya za Marekani (NIH) zilisitisha utaratibu wa zamani wa kupitisha fedha kwa vyuo vya nje kama mgawo ndani ya ruzuku ya chuo cha Marekani, kwa hiyo andiko lililojengwa juu ya mgawo wa namna hiyo linahitaji kufikiriwa upya tangu ukurasa wa bajeti.

Aliyeko Marekani ana njia nyingine. Tuzo za NIH za F31 na F32, za mafunzo wakati wa uzamivu na baada yake, pamoja na K01, K08 na K23, za kumjenga mtafiti kazini, zinahitaji uraia au ukaaji wa kudumu. K99/R00 haina sharti hilo: hutoa hadi miaka 2 ya kulelewa na miaka 3 ya kujitegemea, ila mwombaji awe hajapitisha miaka 4 ya utafiti baada ya uzamivu. Nimekutana na vijana wetu walioligundua sharti hilo katika mwaka wa tano. Mlezi alipaswa kulisema katika mwaka wa kwanza.

Muda ni sehemu ya fedha. Tuzo za kundi la K kwa kawaida hudai asilimia 75 ya muda wa kazi, yaani miezi 9 katika mwaka. Barua ya mkuu wa idara inayosema tu kwamba chuo kitampa ushirikiano haina thamani. Barua yenye thamani hutaja kwa jina masomo atakayoondolewa, na nani atayafundisha. Wewe mkuu wa idara, usisaini kama hutatekeleza.

Kuna fedha zinazostahili kukataliwa, au angalau kupokelewa kwa sharti. Kampuni yenye bangi ya kuuza inatamani matokeo ya aina moja, na chombo chenye jukumu la kuzuia bangi kinaweza kutamani ya aina nyingine. Popote fedha zinapotoka, mkataba uwe na kifungu kinachompa mtafiti haki ya kuchapisha matokeo yoyote bila idhini ya mfadhili. Kifungu hicho kikikataliwa, mshauri chipukizi aondoke, nawe uondoke pamoja naye ili asionekane mkaidi.

Hatua ya sita: Andiko, usajili na bajeti

Wahakiki wa tuzo za K hupima mambo matano: mwombaji mwenyewe, mpango wake wa kujiendeleza, mpango wa utafiti, walezi, na mazingira ya taasisi. Chipukizi wengi huandika kana kwamba utafiti ndio pekee unaohesabiwa, wakajaza kurasa kwa maelezo ya mashine na kuacha aya mbili tu za kueleza nini hawakijui na watajifunza wapi. Waulize swali hili: ni stadi zipi tatu ambazo huna leo, na bila hizo swali lako halijibiki, na nani atakufundisha, mwezi gani? Majibu yake ndiyo mpango wa kujiendeleza. Barua za wadhamini wanaomfahamu mwombaji, ambazo huwa 3 hadi 5, hutumwa na wadhamini wenyewe kabla ya tarehe ya mwisho, hivyo waombwe miezi 2 kabla.

Usajili umewakwamisha wengi kuliko sayansi. Taasisi ya nje inayoomba fedha za serikali ya Marekani huhitaji namba ya utambulisho ya NCAGE, usajili katika SAM, sajili ya serikali hiyo, ambao huisha kila baada ya mwaka, na akaunti ya eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa maombi wa NIH, kwa taasisi na kwa mwombaji. Hesabu wiki 6 au zaidi. Mfanye mtu mmoja wa ofisi ya ruzuku awe na tarehe ya kuhuisha imeandikwa ukutani, maana andiko la mwaka mzima linaweza kushindwa kupokelewa kwa sababu usajili uliisha Jumapili.

Katika bajeti, mambo yanayosahaulika ni haya: nauli ya mzazi anayemsindikiza mtoto, mshahara wa mtu wa kuwafuatilia wanaohama, na daktari bingwa wa picha atakayesoma kila MRI. Picha za vijana wazima wakati mwingine huonesha uvimbe au kasoro ambayo hakuna aliyeitarajia, na huwezi kumwambia mama jambo hilo bila kuwa na daktari na njia ya rufaa. Omba hospitali yenye mashine bei ya maandishi kwa saa za utafiti, hasa usiku au mwisho wa wiki ambapo foleni ya wagonjwa ni fupi. Mashine ndogo za kusukumwa zenye nguvu ya sumaku ya 0.064 tesla tayari zinatumika katika tafiti Afrika, lakini picha zake hazina undani wa mashine kubwa, na tofauti ndogo za unene wa gamba la ubongo ni rahisi kuzikosa.

Hatua ya saba: Vibali na ulinzi wa kijana

Tanzania Bara, kibali cha maadili hutoka kwenye kamati ya taasisi na ile ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ruhusa ya utafiti huratibiwa na COSTECH. Kisha barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, hadi mwenyekiti wa mtaa. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya yenye kamati yake. Kenya huanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, ndipo ofisi za kaunti. Kamati itauliza kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi, ambao una sheria ya mwaka 2019 Kenya na ya mwaka 2022 Tanzania, kwa hiyo mpango wa kuzihifadhi takwimu uandikwe kabla ya kuulizwa.

Ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18 ni lazima, pamoja na ukubali wa mtoto mwenyewe. Mzazi aelezwe wazi kwamba mtoto ataulizwa kuhusu vilevi, na aelezwe wazi vilevile kwamba hataoneshwa majibu, isipokuwa maisha ya mtoto yakiwa hatarini. Kifungu hiki cha pili ndicho chenye ubishi. Mfanyishe chipukizi mazoezi ya kukieleza kwa Kiswahili cha kawaida, mbele yako, mpaka akiseme bila kutetemeka. Mzazi akisema, "Mwanangu, mimi ndiye mama yake, kwa nini nifichwe?", jibu liwe la heshima na lisilopinda: "Mama, tukikuonesha majibu, watoto hawatasema kweli, na utafiti wote utakuwa uongo. Tukiona hatari, tutakuita wewe wa kwanza."

Cheti cha usiri kinachotolewa na taasisi za Marekani kisitegemewe huku, kwa kuwa nguvu yake inatokana na sheria za kwao. Ulinzi wa kweli ni kutokuwa na kitu cha kunyang'anywa: majina yakae kwenye kabati tofauti na majibu, dodoso libebe namba peke yake, na orodha inayounganisha viwili hivyo isitoke nje ya ofisi ya mlezi. Mkuu wa polisi wa wilaya apewe taarifa kwa barua kabla ya kazi, ikieleza kwamba watafiti hawabebi bangi wala hawatoi majina, na mhojaji asiende maskani peke yake, wala baada ya jua kuzama.

Hatua ya nane: Andiko likikataliwa

Litakataliwa, pengine mara mbili. Soma maoni ya wahakiki wewe kwanza, kisha mpigie chipukizi kabla hajayafungua peke yake. Mpe siku 7 za kutogusa chochote. Baada ya hapo, kaeni na kalamu za rangi mbili, moja kwa yanayoweza kurekebishwa kwa kuandika upya na nyingine kwa yanayohitaji takwimu mpya. Taasisi za afya za Marekani huruhusu kuleta andiko lile lile lililorekebishwa mara moja, ndani ya miezi 37, likiwa na ukurasa mmoja wa kuwajibu wahakiki. Ukurasa huo usibishane.

Hatua ya tisa: Kurudisha matokeo kwa waliotoa muda wao

Hili lipangwe na kulipiwa tangu mwanzo, maana ruzuku inapokwisha gari halina mafuta. Chipukizi arudi shuleni au mtaani na karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, isiyo na grafu zaidi ya moja. Kabla ya siku hiyo, wewe mlezi jifanye mzazi, uulize lile swali la mwanzo kwa ukali: inaharibu au haiharibu?

Jibu ambalo mmoja wa vijana wangu alilifikia baada ya mazoezi manne, na ambalo alilitoa mbele ya wazazi waliokaa kwenye madawati ya watoto wao, lilikuwa hili: "Wazazi wangu, watoto walioanza mapema na wanaovuta kila siku ndio tunaowahofia zaidi, na tunawashauri wachelewe kadiri inavyowezekana. Lakini wengi wao tuliwakuta na shida kabla hawajavuta: waliokuwa wameacha shule, waliofiwa, waliolala njaa. Hatuwezi bado kuwaambia ni kiasi gani ni bangi na ni kiasi gani ni hayo mengine. Tunaendelea kupima." Baba mmoja alisimama akauliza kama mwanawe aliyeacha shule mwaka uliopita anaweza kuandikishwa naye. Kijana wangu akafungua daftari, akamwomba namba ya simu, na nyuma ya karatasi ya matokeo akamwandikia siku ambazo kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya huwa wazi.